Kifungo Alichokishona Bibi Kufuli

Bibi Kufuli alipewa jina hilo kwa sababu mlango wake ulikuwa na makufuli mawili, na ndani hamkuwa na cha kuiba. Alikuwa mjane asiye na mtoto, akiishi katika chumba kimoja nyuma ya karakana ya useremala. Ukimbishia hodi, alikujibu kwa kikohozi tu.

Aliyeufungua mlango ule alikuwa Fundi. Mwanamke huyu alikuwa ameacha duka lake la ushonaji na kuhamia nyumba ya Wakristo sita waliokubaliana kuishi pamoja: chungu kimoja, sala asubuhi na jioni, na kila alasiri kwenda kuketi na jirani asiye na mtu. Alibisha hodi miezi minane mpaka bibi akafungua. Tangu hapo, kwa miaka mitatu, alimfulia, akampikia uji, akamshonea kila kilichochanika. Wenzake walipomsifu alisema, "Ni Bwana tu." Moyoni alijua ni Bwana pamoja na yeye.

Kisha nyumbani kwao akaja Mwalimu, binti mwenye kucheka hovyo na kusahau vitu. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," walimkaribisha. Fundi alitabasamu, akijiuliza nani aliyekuwa mgonjwa.

Haukupita mwezi Fundi akateguka mguu, Mwalimu akaenda kwa bibi badala yake wiki mbili. Siku Fundi aliporudi, akichechemea, alikuta mlango u wazi na kicheko kinatoka nje. Kicheko cha bibi. Hakuwahi kukisikia.

"Karibu, Fundi," bibi alisema bila kumtazama. "Haya Mwalimu, malizia. Mbuzi alipolila daftari la mahudhurio, mkuu wa shule akasemaje?"

Hapo Fundi akaona blauzi ya Mwalimu. Vifungo vyeupe vitano, na cha sita cha kahawia, kimeshonwa kwa uzi mweusi uliojaa mafundo.

"Bibi ndiye aliyenishonea," Mwalimu alisema. "Nilimwambia sijui hata kutunga uzi, akaninyang'anya sindano."

"Kimekaa vizuri," Fundi alisema, akiona wivu. Mikono ya bibi ilikuwa ikitetemeka siku zote. Fundi mwenyewe alikuwa hairuhusu hata kushika kikombe cha moto.

Jumamosi ilikuwa zamu yake kupiga pasi. Ilipofika blauzi ile, akachukua mkasi, akakikata kifungo cha kahawia na kushona cheupe kilichofanana na vile vingine. Alijiambia ni unadhifu. Mwalimu, kwa kusahau kwake, akaivaa asione lolote.

Bibi aliona.

"Amenifukuza," Mwalimu alisema jioni ile, macho mekundu. "Anasema kama kazi yake inanitia aibu, ningemwambia waziwazi."

Walipoketi kusali, Fundi alifika kwenye "utusamehe makosa yetu," akaacha kusali. Akasema ni yeye aliyekikata kifungo. Mwalimu akamgeukia. "Ungeniambia tu, dada," alisema. "Ningekuachia." Na kwa kuwa alimaanisha, maneno yale yalimchoma Fundi kuliko tusi.

Kesho yake akabisha hodi. Kikohozi. Akasemea mlangoni. "Bibi, kifungo nilikikata mimi. Mwalimu hakujua. Niliona wivu."

Makufuli yakafunguliwa, moja, kisha la pili.

"Wivu kwa kikongwe kama mimi?" Bibi alimpisha aingie. "Miaka mitatu unanitengeneza kama nguo kuukuu. Siku gani umeketi humu bila kushika kitu?"

Fundi akaanza kukusanya vikombe mezani.

"Basi keti."

Akaketi. Bibi akammiminia chai, nusu ikaishia mezani. Fundi akauma ulimi, asiinuke kufuta.

"Duka lako uliliacha kwa nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Wote walidhani ni wito. "Mume wangu aliondoka na msichana niliyemfundisha kushona," alisema. "Naye alikuwa anacheka sana."

"Kumbe." Bibi akausogeza mkono wake juu ya wa Fundi, akauacha pale. "Mwalimu hajachukua cha mtu. Mwambie aje Ijumaa. Wewe Jumanne ni yako, lakini uje mikono mitupu."

Wakagawana siku hivyo. Jumanne Fundi na bibi walizungumza, na mara nyingine walinyamaza tu. Hawakucheka sana. Fundi hakuwa na hadithi za mbuzi. Ijumaa akipita karibu na karakana na kukisikia kicheko, bado moyo ulimchoma. Alikuwa akisimama kidogo, akimtaja Mwalimu kwa Mungu kwa jina, kisha akienda zake sokoni.