Mdiria wa Ziwa Jipe

Nyuma ya soko la Voi kuna mtaro ambao mvua ikinyesha kidogo, kisha jua likawaka, hutoa harufu ya tope na majani yaliyooza. Wenzangu huziba pua na kulaani. Mimi huongeza mwendo, kwa sababu harufu hiyo ni ya Ziwa Jipe kabisa, na Ziwa Jipe nina kesi nalo.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa fundi wa nguo hapo sokoni, na yunifomu za nusu ya darasa letu zilitoka kwenye cherehani yake. Mwaka huo alianza kuniita kila mara nimtungie uzi kwenye sindano. Nilitunga nikiwa nimesimama mguu mmoja, tayari kukimbia, maana mimi, jamani, nilikuwa mtoto asiyekalika. Sikujua kwamba daktari alikuwa amemwambia presha inamla macho, na kwamba iko siku hataona tena. Mama alimwambia kaka yake peke yake, Mjomba Mwakio, na akamwomba kitu kimoja tu: ampeleke Jipe akamwone mdiria mdogo angali anaweza.

Mama alizaliwa upande ule wa Taveta. Utotoni kazi yake ilikuwa kuamia ndege shambani, kuwafukuza kwa kelele na madongo tangu alfajiri wasile mpunga. Fukuza ndege miaka sita, utawajua kuliko jamaa zako. Mdiria mdogo pekee ndiye hakuwahi kumfukuza, kwa vile yeye hula samaki. Mgongo wa buluu, kifua cha rangi ya chungwa, mdomo mwekundu, na mwili wote haujazi kiganja. "Yule hakuwa adui," Mama alipenda kusema.

Mjomba alitubeba kwa pikapu yake hadi ndani ya hifadhi, na askari wa wanyama akatusindikiza mpaka ukingoni mwa ziwa. Akampa Mama darubini. Mama akaikataa. "Asante, baba. Macho yangu yananitosha." Askari akaahidi kunionyesha viboko tukimaliza, akarudi kupiga gumzo na Mjomba kwenye gari.

Tukakaa. Wee! Kukaa gani kule! Nzi, jua, na matete yaliyosimama tu. Furukombe alilia, yangeyange wakatua, na kila mara Mama aliuliza, "Yule ni wa rangi gani?" nami nikajibu chochote kilichonijia mdomoni. Nilijikuna. Nilichimba tope kwa kidole cha mguu. Niliulizia viboko labda mara nane.

"Wakesho, una siafu kwenye nguo?" Mama akasema. "Tulia. Haraka haraka haina baraka."

Nikajisemea kwamba polepole nayo haina hata kiboko mmoja. Basi nikafanya nililofanya. Nilimshika Mama mkono, nikanong'ona, "Mama! Mdiria! Yule pale, juu ya tete lililoinama."

Hapakuwa na mdiria. Hapakuwa na hata panzi.

Mama akainama mbele. Akafumba jicho moja, akalifumbua, akafumba la pili. "Bado yupo?"

"Bado."

"Amegeukia huku?"

"Anakuangalia wewe kabisa."

Alitazama muda mrefu, akinibana vidole mpaka vikaniuma. Kisha akasema, "Ehe. Nimemwona. Mzuri sana."

Nilishangaa, halafu nikafurahi: kumbe na Mama ni mwongo kama mimi! Nikamvuta twende. Viboko wenyewe tuliona masikio tu.

Wiki iliyofuata Mama alimpa dada yake wa Maungu ile cherehani. Alisema amechoka na kushona, akaanza kuuza mboga. Mimi nilishangilia kwamba habari za sindano zimekwisha. Na macho yake hayakufa upesi. Miaka miwili baadaye bado alinifuma nikilamba sukari nikiwa ng'ambo ya chumba.

Nilikuwa mtu mzima mwenye mtoto wangu, na Mama haoni tena, niliposikia akimsimulia mgeni wa kanisani: "Siku ile Jipe ndipo nilipojua macho yamekwisha. Mtoto anamwona mdiria pale karibu, mimi naona matete matupu. Nikamdanganya nimemwona, asije akaogopa. Lakini nikasema, sitaharibu nguo za watoto wa watu."

Nilikuwa namimina chai. Nikamimina mpaka ikamwagika mezani.

Mgeni alipoondoka nilipiga magoti mbele ya Mama nikamwambia yote.

"Kumbe nilikuwa naona sawasawa," akasema, taratibu. "Ningeshona hata miaka miwili zaidi, Wakesho."

Miaka yote nilidhani nilidanganya juu ya ndege tu. Kumbe nilimdanganya juu ya macho yake mwenyewe, naye akayaamini yangu.