Wimbo wa Taifa Nisioukumbuka

Watu wa Ifakara wakiniuliza nilijisikiaje siku ya kwanza kuvaa jezi ya taifa, mimi hucheka kidogo na kubadilisha mazungumzo. Wimbo wa taifa wa siku ile siukumbuki. Mwenzangu tuliyelala naye chumba kimoja aliniambia niliimba kwa nguvu huku nalia, mpaka naye akalia. Mimi sikumbuki hata chembe.

Ilikuwa Kampala, kwenye mechi ya raga. Kipindi cha pili msichana mmoja wa timu mwenyeji alinijia na mpira, mrefu, anakimbia magoti juu. Niliingia chini kumkaba kama tulivyofundishwa, goti lake likanipata juu ya sikio. Hayo nayajua kwa sababu ya video. Ninachokumbuka mwenyewe ni daktari kapiga magoti kwenye nyasi ananiuliza tuko wapi, nami namjibu kwa uhakika kabisa, "Kiberege."

Nikarudi nyumbani kupumzika. Mpunga ulikuwa unaiva, na mama alikuwa akishinda shambani Kiberege kuamia ndege wasiumalize. Nikaenda kumsaidia. Tulikaa juu ya dungu, kichanja cha kulindia shamba, na kila kundi la kweleakwelea liliposhuka yeye alipiga debe. Kila pigo lilinipasua kichwa. Siku iliyofuata nilishuka nikatapika pembeni ya shamba.

"Malaria hiyo," mama akasema.

Bondeni kwetu kila homa huitwa hivyo, na mara nyingi ni kweli. Alinipeleka zahanati. Kipimo hakikuonyesha kitu, mama akamtaka muuguzi apime tena. Ndipo nikatoa simu nikamwonyesha ile video, palepale kwenye benchi.

Mama hakuwahi kuona mechi ya raga. Kwake nilikuwa nacheza mpira, basi. Aliitazama mpaka mwisho, akataka niirudie.

"Huyu anayeanguka ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Mbona huinuki?"

Muuguzi akatuelekeza hospitali, Ifakara. Daktari alisema ubongo ulitikisika. Nipumzike, na nikigongwa tena kabla sijapona, naweza nisiamke. Mama alimwomba arudie maneno hayo polepole.

Tulikuwa tumeshaanza kuvuna kocha alipopiga simu. Nilikuwa naosha vyombo, mama akapokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mwanangu hachezi tena."

"Mama, naomba niongee naye mwenyewe. Tuna safari ya Nairobi, na tunamtegemea."

"Nimeshakwambia." Akakata.

Nilimfokea mama kama sijawahi kumfokea maishani. Nilimwambia mimi ni mtu mzima, nimeitafuta nafasi ile miaka mingi, na mwili ni wangu.

"Ni wako," akasema. "Lakini ukilala usiamke, wa kukugeuza kitandani ni mimi."

Nikachukua simu nikatoka nje. Nilimpigia kocha nikiwa nimekusudia kumwambia nakuja. Akaniuliza swali moja tu: "Kichwa bado kinauma?"

Asubuhi ile ile nilikuwa nimesahau jina la jirani yetu niliyekua naye, nikamsalimu kama mpita njia.

"Kinauma," nikasema.

"Pole, dada. Basi nitamwita mwingine."

Afadhali angegombana nami. Nilibaki nimesimama na simu mkononi, nikingoja aongeze neno, kumbe alishakata.

Huko Nairobi wenzangu walishinda. Walinitumia picha; mgongoni mwa msichana nisiyemjua kulikuwa na namba yangu, kumi na mbili. Nikawajibu hongereni. Nilipika chakula cha mchana, nikakiunguza.

Maumivu sasa yamepungua, ingawa debe silipigi. Mimi na mama hatujalizungumza tena jambo lile. Sijui kama nilichagua mwenyewe au yeye alinichagulia, na siku nyingine namshukuru, siku nyingine siwezi kumtazama. Sokoni vijana bado wananiita, "Dada wa raga, unapanda ndege lini tena?"

"Hivi karibuni," nawajibu. Mama akiwa kando yangu, hujifanya anachagua nyanya.