Kura ya Maji ya Shule

Jumamosi, mwezi wa kumi. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, mbingu nyeupe, wingu hakuna.

Leo wazazi tumekutana shuleni kuamua kama watoto waendelee kubeba maji ya kufyatulia matofali ya nyumba ya mwalimu. Wiki iliyopita kisima walichochimba kwenye mchanga wa mto mkavu kiliporomoka, kikamfukia binti wa darasa la tatu. Tulimtoa ameshakufa. Mwenyekiti wa kamati ya shule, aliyetoa amri ya maji, ni babu yake mzaa baba.

Sitaki kumwonea. Siku ile alifukua kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu. Na aliyosema leo si uongo: "Walimu wawili wameshakimbilia mjini kufanya biashara. Huyu aliyebaki analala stoo. Naye akiondoka, mtafundisha ninyi?"

"Tutawafundisha kuchimba makaburi!" akajibu fundi baiskeli. Wengine walicheka, halafu wakaona haya.

Mama wa marehemu alikuwa amepita nyumba kwa nyumba, kwetu pia, akituomba tukatae. Binti yake mwingine yuko darasa la tano.

Kura ikawa ya kupanga mstari: wanaokubali nyuma ya mwenyekiti, wanaokataa mbele yake, watazamane. Sidhani ilikuwa hila, ndivyo tunavyopiga siku zote. Lakini kwa mila za huku kwetu Ugogo mkamwana hasimami uso kwa uso na baba mkwe. Yule mama akabaki ameketi chini, khanga usoni.

"Mama, inuka," nikamwambia.

"Nitasimamaje mbele ya mkwe wangu, baba?"

Wanawake waliokwisha kuinuka wakaketi tena. "Mwenye mtoto hajasimama," mmoja akasema, "mimi nisimame kama nani?"

Nikaomba tupige kwa vikaratasi. Katibu akauliza wasiojua kuandika watafanyaje. Ni kweli, ni wengi. Mimi mwenyewe naandika kwa kubahatisha. Nikarudi mstarini. Tukabaki wanaume wachache upande wetu.

Mwenyekiti hakumtazama mkwewe. "Jumatatu, madumu kama kawaida," akasema.

Jioni yule mama alikuja kumwomba mke wangu binti yake aende mtoni pamoja na wetu, asiachwe kushuka shimoni peke yake. Mke wangu akamwambia, "Dada, kaa ule kwanza." Akanawa, akala matonge mawili matatu. Ulikuwa ugali wa uwele na mlenda.