Utepe Mwekundu wa Dada Jicho

Muuguzi wa mlango wa dharura ya watoto tulimwita Dada Jicho. Alisimama pale miaka kumi na tisa, visigino vya viatu vimelala, akipanga nani aonwe kwanza. Utepe mwekundu, mara moja. Wa njano, subiri kidogo. Wa kijani, subiri zamu. Alimtazama mtoto, kisha akamuuliza mama. "Mama ndiye kipimo changu cha kwanza," alizoea kusema.

Mwaka ule hospitali ilitaka kulinganisha njia mbili. Dada Jicho alipanga kwa njia yake, na muuguzi mwenzake akampanga mtoto huyohuyo kwa karatasi mpya ya kuhesabu pumzi, mapigo na joto. Karatasi ile haikumuuliza mzazi kitu.

Siku hiyo binti yangu alikuwa na homa, na foleni imefika nje. Mimi roho yangu nyepesi, haiwezi kungoja. Tena nilikuwa nimeshachunguza neno gani hufungua mlango.

"Amepata degedege, dada. Mara mbili."

Baba mmoja nyuma yangu akacheka. "Mwenye degedege ndiye huyo anayetafuna kandambili yako?"

"Shemeji, tulia," Dada Jicho akamwambia. Alinitazama kidogo, akamfunga mwanangu utepe mwekundu. Mwenzake alihesabu, akaandika kijani.

Binti alipona. Miezi ikapita, jirani yangu anayefanya usafi pale akaniambia karatasi zimelinganishwa. Nyekundu za Dada Jicho zilikuwa nyingi mno. Wakasema jicho lake limechoka, wakampeleka chumba cha mashuka. Nilikaa wiki tatu ndipo nikapata uso wa kumwendea.

"Dada, nilikudanganya. Twende kwa mganga mkuu nikaseme."

"Nilijua, mama."

"Sasa nyekundu ulinipa ya nini?"

"Nikuite mwongo, kesho aje mwenye degedege kweli nimtazame vilevile?" Alivuta shuka, nikashika ncha ya pili. "Halafu hukuwa peke yako. Mlikuwa wengi. Wameshaamua, mama."

Wiki iliyopita binti aliamka anatazama ukuta, hanijui. Nilipofika mlangoni nilikuwa na maneno ya kweli tupu. Muuguzi wa karatasi akainamia kifua cha binti, anahesabu pumzi. Aliniinulia kiganja ninyamaze asipoteze hesabu, kisha akatuonyesha benchi la kusubiri zamu.