Jina la Mama Mkubwa

Nimemtumikia mbunge wetu kwa manda tatu, miaka mitano mitano, na sasa tuko katika ya nne. Ofisi yake ya Bunia ni mimi: napokea watu, nasikiliza shida zao, naziandika kwa Kifaransa kizuri, natuma Kinshasa. Watu wanasema anajua kusema. Ni kweli, anajua. Ila maneno mengi yalikuwa yangu.

Mama yangu alipokimbia kijiji chetu cha Fataki, alifika kwangu kwa miguu, na vikwembe viwili na sufuria tupu. Siku ya tatu ndipo alipofungua kinywa. Asubuhi aliyokimbia alikuwa ameinjika maharagwe, risasi zikaanza kulia. Dada yake mkubwa, ambaye magoti yalikuwa yamemshinda zamani, alikataa kubebwa. Alisema, "Mwende. Miye nitabaki kuangalia maharagwe." Hakuna aliyerudi kumzika.

Niliyaandika yote katika barua kwa Mheshimiwa, nikaomba askari wapelekwe, walau watu wakazike wafu wao. Mama hakukaa sana kwangu; alihamia kambini, walipokuwa majirani zake wa Fataki.

Siku moja tukichambua mchele mbele ya turubai lake, tulimsikia Mheshimiwa redioni, akihutubia bunge. Alisimulia magoti, sufuria, maharagwe. Sauti yake ikakatika pale inapofaa kukatika. Kisha akasema, "Mwanamke yule alikuwa mama yangu mkubwa." Makofi yakalia muda mrefu.

Mama akaweka ungo chini. "Mama mukubwa ya nani?"

"Yake. Ndivyo amesema."

"Dada yangu alikuwa mama mukubwa yako weye. Huyu mutu hajakunywa hata maji kwetu."

Mheshimiwa aliporudi Bunia nilimwuliza. Hakuona haya. "Mutoto yangu, kule hawamulilie mutu wenye hawamujue. Nilimupatia jamaa."

Tume ya kuchunguza mauaji ya Fataki ikaundwa, yeye akiwa mwenyekiti. Wajumbe walikaa hotelini siku nne, wakasema barabara ya Fataki haina usalama, wakapanda ndege wakarudi. Kana kwamba si hilo hilo tulilowaandikia.

Ningeacha kazi siku ile. Ila mume wangu hakuwa na kazi, watoto walikuwa wanasoma. Lakini nisijifiche nyuma ya watoto. Nilipenda pia kusikia maneno yangu yakipigiwa makofi.

Wakati wa kampeni alikuja kambini. Akasimama juu ya meza, akawasimulia wakimbizi wa Fataki habari ya maharagwe. Nilikuwa kando yake na makaratasi. Mama akainuka katikati ya watu.

"Papa Muheshimiwa, huyo mama mukubwa yako, jina yake nani?"

Mheshimiwa alitabasamu, akajifuta paji la uso, akanigeukia. Sikufikiri. Miaka yote hiyo, akikosa neno, mimi ndiye nampa. Nikamnong'oneza jina. Akalitamka kwenye maikrofoni kwa sauti ya msiba, mara mbili, na wanawake waliovaa vikwembe vyenye picha yake wakapiga vigelegele.

Mama hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, kisha akapenya kati ya watu akaenda zake. Nilipomfuata kwenye turubai jioni, alikuwa anafunga vitu vyake.

"Mama, nilikosea."

"Haukukosea. Ulifanya kazi yako."

Wiki ile ile alipanda lori kwenda Mahagi, kwa kaka yangu. Nampigia simu kila Jumapili baada ya ibada. Anauliza kama watoto wamekula, kama mvua imenyesha. Nikisema nataka kwenda kumwona, anajibu barabara ni mbaya, ningoje.

Mheshimiwa alichaguliwa tena. Hotuba ya shukrani niliiandika mimi, asubuhi moja tu, bila kufuta hata mstari. Walipomwapisha, alinipigia simu mwenyewe kunisifu, nikasema asante, Papa. Fataki hatujafika mpaka leo.