Ufunguo Mfukoni

Mwanangu, bado naikumbuka Jumanne moja ya ujana wangu, adhuhuri, nikiwa katika msikiti wetu mdogo wa Bukoto. Niliswali rakaa mbili za istikhara, ile swala ya kumwomba Mungu akuchagulie jambo, huku ufunguo wa duka ukiwa mfukoni mwa suruali yangu. Kila nilipokwenda sijida ulinichoma paja.

Duka lenyewe lilikuwa la ushonaji, karibu na mtaa wa maduka wa Kikuubo, nami nilikuwa nimeshona hapo tangu nimalize sekondari. Rais alipowaamuru Wahindi waondoke nchini, tajiri wetu aliondoka na masanduku mawili, na wanajeshi wakaanza kugawa maduka. Juma, mume wa dada yangu, alikuwa sajini. Asubuhi ile aliniletea ufunguo nyumbani. Nilisita kidogo, maana aliyestahili duka lile tulimjua sote: mkata nguo wetu, Salongo, kama Waganda wanavyomwita baba wa mapacha. Alianza kazi pale kabla mimi sijazaliwa, na ndiye aliyenifundisha kukata kola.

Juma alicheka, akasema kwa Kiswahili chake cha kambini: "Wewe nasoma mpaka sekondari, halafu naogopa duka? Kama wewe hapana taka, iko watu wengi nangoja."

Nikautia mfukoni. Mama aliponisihi niende kwanza nikaswali istikhara, nilikwenda ili kumridhisha.

Maalim Idi, aliyenisomesha Kurani utotoni, alikuwa ameketi nyuma yangu. Nilipomaliza akaniuliza naomba nini. Nikamweleza habari za duka, kisha nikautoa ule ufunguo nikamwonyesha, tena kwa fahari.

"Ramadhani," akasema, "wewe humuulizi Mungu. Umemletea karatasi uliyokwisha kuiandika, unataka atie saini."

Akaniambia niurudishe kwa Juma, nikae bila kitu, ndipo niombe tena. Nikamwitikia kwa adabu, nikavaa viatu, na sikuurudisha. Kesho yake kufuli lilifunguka bila tabu, wateja wakaingia hata kabla sijafagia, nikajiambia hii ndiyo ishara. Nilikuwa na haja ya ishara, nikaiona.

Siku ya tatu akaja Salongo, amevaa koti lake la Jumapili. Hakugusia duka, aliniita tu mwanangu kwa Kiganda chake.

"Nimekuja kuchukua cherehani yangu, mwana wange. Hayo mengine kaa nayo."

Cherehani ya dirishani ilikuwa yake kweli. Aliinunua mwenyewe, na kila aliyewahi kufanya kazi pale alijua. Ningeweza kuishika upande mmoja, yeye upande wa pili, tukaitoa hadi barabarani. Lakini Juma alikuwa ameagiza kitu chochote kisitoke, na mimi nilikuwa nimejishawishi kwamba Mungu amenipa duka pamoja na vyote vilivyomo. Nikamwomba angoje, nikatuma mtu kumuuliza shemeji. Salongo akakaa kwenye kigoda chake cha zamani, akinitania kwamba nafagia kama bibi harusi anayeogopa mama mkwe.

Juma alikuja na askari wawili. Akaniuliza mara moja tu.

"Hii cherehani ya nani?"

Salongo alinitazama. Hakuwa na wasiwasi. Alijua nitakachosema.

"Ya duka," nikasema.

Wakamchukua kama mwizi wa mali ya serikali. Alitembea hadi kwenye gari lao akifunga vifungo vya koti. Hakurudi, na hakuna aliyetuambia alikopelekwa.

Serikali ile ilipoanguka, niliipakia cherehani kwenye toroli nikaipeleka Namuwongo, kwa mkewe, Nalongo, yaani mama wa mapacha. Nilikiri yote mbele yake. Alipitisha kidole kwenye gurudumu lake.

"Mashine imejua njia ya kurudi," akasema. "Na mzee?"

Nikaiingiza cherehani ndani, nikaondoka na toroli tupu. Watu wa rika langu hunifariji kwamba nyakati zile zilikuwa mbaya, na ni kweli zilikuwa mbaya. Lakini lile neno lilitoka kinywani mwangu.

Basi, mwanangu, muulize Mungu kabla hujasema ndiyo, hata kama jambo ni dogo kama kupokea ufunguo au kujibu swali la mtu mlangoni. Katika dua ya istikhara tunasema: ikiwa jambo hili ni shari kwangu, liepushe nami, na uniepushe nalo. Usiyatamke maneno hayo kama hukubali kuepushwa. Wala usidhani jambo ni jema kwa kuwa limekwenda kwa wepesi, maana mlango wangu mimi ulifunguka kwa wepesi sana. Angalia ni nani atakayebaki nje wewe ukiingia. Na ukigundua umemtangulia Mungu, rudi siku hiyohiyo. Kutoka msikitini hadi kwa dada yangu hapakuwa mbali. Ningefika kabla ya alasiri.

Siku hizi, kabla ya kuswali, hutoa kila kilicho mfukoni nikakiacha nyumbani.

Mungu akukute na mikono mitupu unapomwomba, akupe moyo wa kuridhika anapokunyima, na siku utakapoulizwa kitu cha mtu ni cha nani, akupe ulimi wa kumtaja mwenyewe. Amina.