Redio ya Jirani

Wiki ile binti yetu alipohamia mtaa wa Fedha, karibu na kazi yake mpya, ndipo nilipoanza kusumbuliwa na redio ya jirani. Jirani ni dereva mstaafu, na ukuta mmoja umetutenganisha hapa mtaani Mowlem tangu watoto wetu wakiwa wadogo. Jumapili niliandika malalamiko ya kutuma kwenye grupu ya wapangaji. Nikamsomea mke wangu kwanza, maana ujumbe wa namna hiyo ukishaingia humo, watu huacha kusalimiana kwenye ngazi.

Alikuwa akikatakata sukuma wiki. "Baba watoto," akasema, "hiyo redio imeimba miaka yote. Ni vile msichana wetu alikuwa anaishinda kelele."

Nyumba ilikuwa kimya, nami nilikuwa nimekitafutia kimya hicho mtu wa kulaumiwa.

"Sasa unatuma, ama unampigia binti yako?" mke wangu akauliza.

Nilifuta ujumbe, nikampigia binti. Alishtuka, kwa kuwa anayepiga huwa ni mama yake.

"Kuna shida, baba?"

"Hakuna. Nilitaka kukusikia tu."

Akacheka, akaanza kunisimulia vituko vya landilodi wake, nami nikavuta kiti nikaketi.